Jiwe Lenye Kamba za Viatu

Jumatatu, Machi 3. Unyevu 58.

Mkurugenzi ameniletea daftari jipya la kuandikia unyevu wa ghala. Lina safu tatu: tarehe, kipimo, maelezo. Safu ya maelezo ni pana kuliko hizo mbili zikiunganishwa. Nimemuuliza ni maelezo gani ya unyevu yatakayojaza nafasi yote hiyo. Akasema, "Wewe andika tu, mama. Mvua zinakuja." Basi nitaandika. Nina miaka ishirini na sita chini ya jengo hili na hakuna aliyewahi kunipa nafasi pana namna hii ya kusema.

Kwa atakayenirithi: hili ni ghala la picha za kale, ngazi kumi na nne chini ya barabara. Dirisha ni moja, juu kabisa, linaonyesha viatu vya wapita njia. Picha zenyewe ziko kwenye vioo. Kabla ya filamu kuja, mpiga picha alitumia kipande cha kioo kilichopakwa upande mmoja utando mwembamba kama gundi iliyokauka, na picha imo ndani ya utando huo. Ukikiinua kwenye mwanga, vyeupe vinakuwa vyeusi na vyeusi vyeupe. Tunavyo mia tatu na kumi na viwili, vyote vya mpiga picha mmoja, na vyote ni vya watu wa kwanza kabisa waliojaribu kuruka na mitambo waliyojitengenezea. Utando ukipata maji unavimba na kulegea. Ndiyo maana kuna daftari.

Jumatano, Machi 5. Unyevu 58.

Nimeanza kuchagua vioo kwa ajili ya maonyesho ya mwezi wa sita. Kuna jamaa aliyepandanisha mabawa manne kama fremu za vitanda, amekaa katikati na kofia yake nzuri. Kioo kinachofuata, vitanda viko chini vimevunjika, na jamaa amesimama pembeni na kofia ile ile. Kuna mama mmoja amekaa nyuma ya rubani, sketi imefungwa kamba miguuni ili upepo usimwaibishe. Kuna mtambo wa kupiga mabawa kama kuku, na mpiga picha ameandika kwa wino ukingoni, "Haukuruka." Kioo baada ya kioo: haukuruka, haukuruka. Nawapenda sana watu hawa. Walivaa tai kwenda kuanguka.

Kioo namba 41 nitakiandika siku nyingine.

Jumapili, Machi 9. Nyumbani.

Daftari haliruhusiwi kutoka ghalani. Nimelitia kwenye mkoba na nimetoka nalo.

Namba 41 ndiyo picha ambayo kila mtu wa mji huu anaijua. Mrukaji, yule mtengeneza baiskeli mwenye masharubu, amelala kifudifudi katikati ya mabawa mawili ya kitambaa. Mtambo unatoka kwenye mteremko wa kilima, juu ya majani kwa kimo cha mtu aliyeinua mkono. Chini yake hakuna kitu. Anga ni nyeupe pe. Iko kwenye ukuta wa stendi, kwenye majalada ya madaftari ya shule, na sebuleni kwetu, imekatwa kwenye kalenda ya zamani. Chini ya mkia, kwenye majani, kuna doa jeusi. Wote walioandika habari za picha hiyo wameliita jiwe.

Baba anasema si jiwe, ni kiatu cha baba yake.

Babu alikuwa kibarua kwenye karakana ya Mrukaji. Siku ile kazi yake ilikuwa kushika mkia, kukimbia nao kuteremka kilima mpaka mtambo ushike upepo, halafu kuuachia. Nimeisikia hadithi hiyo tangu sijajua kutembea. Mkono wa kushoto juu, umeshika mkia. Mkono wa kulia kichwani, umeshika kofia isipeperuke, kwa sababu ilikuwa ya kuazima. Sasa kwa nini kwenye picha hayupo? Baba anachojua ni kwamba baba yake hakuwa mwongo.

Shuleni Baba aliitwa Mkia. Kazini akawa Mzee Mkia. Kwenye harusi yangu mshereheshaji alinitambulisha kama mjukuu wa Jiwe, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Baba naye alicheka, akatoka nje, na hakurudi mpaka vyombo vilipokuwa vinatolewa. Ana miaka themanini na nne na bado kila mgeni akiingia anampeleka mbele ya kalenda. "Hebu niambie, jiwe gani lina kamba za viatu?" Mgeni anasogeza uso, haoni kamba, anasema ndiyo mzee. Mimi pia husema hivyo. "Ndiyo, Baba." Nina sauti yangu maalumu ya kusemea hivyo.

Jumatano, Machi 12. Unyevu 63.

Mvua ya kwanza. Viatu vyote dirishani vinakimbia.

Jumanne, Machi 18. Unyevu 66.

Nimechelewa kazini, nilimpeleka Baba kwa daktari wa macho. Alitazama jicho la kulia, akatazama la kushoto, akaandika, kisha akamwomba Baba atangulie nje na muuguzi. Nikajua. Presha ya macho. La kulia limekwisha. La kushoto linakwenda, na matone ni ya kupunguza maumivu tu. Nikamuuliza lina muda gani. "Mpaka mvua ziishe, labda," alisema, kama vile macho nayo yana msimu.

Nje Baba alikuwa amekaa na kofia magotini. "Kasemaje?"

"Amesema matone yatasaidia."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo, Baba."

Njia nzima alikuwa ananisomea vibao vya maduka kuonyesha kwamba matone yameshaanza kufanya kazi. Vingi alikuwa anavikumbuka tu. Duka la vitambaa alilolisoma lilifungwa miaka kumi iliyopita.

Ijumaa, Machi 21. Unyevu 70.

Hili niliandike mara moja nimalizane nalo.

Najua kwa nini Babu hayupo kwenye picha. Nimelijua tangu mwaka wangu wa kwanza hapa. Mpiga picha yule hakupenda anga chafu. Alichukua rangi nyekundu nzito, akapaka juu ya kioo kufuata ukingo wa mabawa, na palipopakwa mwanga haukupita, picha ikatoka na anga nyeupe safi. Wapiga picha wengi wa wakati ule walifanya hivyo. Kwenye 41 amepaka anga yote mpaka kwenye majani. Chochote kilichosimama kati ya mkia na majani kiko chini ya rangi.

Vioo vingine alivipaka mgongoni, upande mtupu, na rangi hiyo ingefutika kwa kitambaa chenye maji bila madhara. Cha 41 sijui alikuwa na haraka gani, alikipaka upande wa utando wenyewe. Ukiifuta rangi unafuta na picha.

Sijawahi kumwambia Baba. Kanuni inakataza kugusa, hiyo ni sababu moja, na ndiyo ambayo ningempa mtu akiniuliza. Sababu ya kweli ni kwamba niliogopa. Itakuwaje chini ya rangi kukiwa hakuna kitu? Amebeba jambo hili maisha yake yote, halafu mimi mwanawe nimletee anga tupu. Nikaona bora asijue. Sasa jicho linakwenda na nimeanza kuona kwamba uoga wangu umemlia miaka ishirini na sita.

Jumatatu, Machi 24. Unyevu 71.

Nimepanda kwa Mkurugenzi. Ni kijana, angeweza kuwa mwanangu, anavaa soksi zenye mistari na anapenda neno "utaratibu". Nimemweleza yote, hata la Baba. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Mama, kufuta haiwezekani. Rangi nayo ni historia."

"Historia ya nini?"

"Ya mpiga picha. Alivyotaka tuone."

"Na aliyepakwa rangi?"

Akajikuna kichwa. Akasema makao makuu wana taa inayopenya rangi bila kugusa kitu. Kuna fomu. Tumeijaza pamoja, kurasa sita, ukurasa mmoja unauliza uzito wa kioo.

"Watajibu lini?"

"Watajibu," alisema.

Jumapili, Machi 30. Nyumbani.

Nimemwambia Baba habari za rangi. Aliuliza mara mbili ni rangi gani. Kisha akasema, "Kwa hiyo yupo."

"Huenda yupo, Baba."

"Yupo. Kajifunika tu." Akainuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye kalenda, akaweka kidole pale panapotakiwa. Hakukosea. "Na hiyo taa, wamekubali?"

Hapo nilipaswa kusema bado. Alikuwa amenigeuzia uso wote, lile jicho moja limetoa kila lilichobaki nacho. "Wamekubali," nikasema. "Wanapanga siku."

Jioni alinitaka nimpigie pasi shati jeupe liwe tayari.

Jumanne, Aprili 1. Unyevu 76.

Dari linavuja, karibu na mlango. Nimeweka ndoo. Fundi bomba ameitwa. Jina lake halisi silijui, sisi tunamwita Kesho.

Ijumaa, Aprili 4. Unyevu 79.

Kesho alikuja akatazama dari, akatikisa kichwa kama daktari, akasema bomba la choo cha juu limepasuka na kifaa hana. "Kesho, mama." Ndoo mbili sasa. Hakuna barua kutoka makao makuu.

Jumatatu, Aprili 7. Unyevu 81.

Ndoo tatu. Tone limehamia rafu ya kwanza, juu, lilipo boksi lenye namba 41. Nimelishusha. Nimeliweka kwenye droo ya chini kabisa ya meza yangu, ambako hata dari lote likianguka meza italipokea kwanza. Mkurugenzi alipita, nikamwonyesha, akasema vizuri sana.

Niseme ukweli, kwa kuwa safu ni pana. Rafu ya pili ukutani ilikuwa kavu na ilikuwa na nafasi. Nililitaka karibu na miguu yangu.

Ijumaa, Aprili 11. Unyevu 83.

Mdogo wangu amepiga simu kutoka mji anakoishi, nami nilikuwa bafuni, Baba akapokea. Nilikuwa nimemwambia mdogo wangu alivyosema daktari. Kwa kuwa hana breki mdomoni, akaanza kumpa Baba pole ya macho.

Nilipotoka, simu ilikuwa imeshawekwa mezani. Baba alikuwa anachezea kichupa cha matone.

"Kumbe haya ni ya maumivu."

Nikaanza kukunja taulo.

"Na ile taa? Wamekubali kweli?"

"Hawajajibu, Baba."

"Ahaa." Akakiweka kichupa mezani taratibu, akakisogeza mbali na ukingo kisianguke. "Sikasiriki, mwanangu. Unanidanganya vizuri, kwa upole. Mama yako hakuweza, yeye alikuwa anapiga chafya akidanganya."

Heri angenifokea.

Jumatatu, Aprili 14. Unyevu 85.

Shati jeupe bado limetundikwa mlangoni. Hakuna anayelitaja.

Jumatano, Aprili 16. Unyevu 88.

Maajabu. Kesho amekuja na kifaa, amekata bomba, ameunga, amemaliza. Dari kimya. Nimemtengenezea chai, Mkurugenzi akashuka na biskuti, tukakaa watatu tukitazama juu kama watu wanaosubiri ndege. "Nilikwambia, mama," Kesho alisema. "Mimi sisemi uongo, ni siku tu zinazochelewa." Nimetoa ndoo zote tatu. Nje mvua haijakatika tangu Jumatatu.

Boksi nimeliacha kwenye droo ya chini. Nitalirudisha rafuni wiki ijayo.

Jumanne, Aprili 22.

Kipimo kimezama. Naandika nyumbani, saa kumi alasiri, mikono inanuka tope.

Ofisi zilifungwa Ijumaa na jana kwa Pasaka. Nilifika saa mbili asubuhi, nikamkuta mlinzi amesimama katikati ya mlango. "Mama, usishuke." Nikampa mkoba wangu anishikie, na simu na daftari hili vikiwa ndani, nikashuka. Maji yalikuwa yamefika ngazi ya nne kutoka chini. Hayakutoka darini. Dari lilikuwa kavu kabisa, kazi ya Kesho ni safi. Yalitoka kwenye lile tundu dogo la sakafuni la kutolea maji, ambalo sijalifikiria hata mara moja kwa miaka ishirini na sita. Mtaro wa barabarani ulijaa, ukatapika ndani.

Rafu ya kwanza ilikuwa kavu. Ya pili kavu. Ya tatu, ya chini kabisa, maji yalikuwa yameifikia. Meza yangu ilikuwa imezama mpaka kwenye uso wake, na chini ya meza ilikuwa droo.

Katika kazi hii kuna kanuni ya mafuriko, na anayeifundisha ni mimi. Usibague. Toa vyote majini kwanza, ndipo ushughulikie kimoja kimoja. Nimewaeleza wanafunzi wa mafunzo mara ngapi sijui. Leo nilikwenda moja kwa moja kwenye droo. Ilivimba, haikufunguka, nikaikanyaga kwa mguu mmoja na kuivuta. Boksi lilitoka likiwa laini kama mkate uliolowa. Maji yaliyomwagika kutoka ndani yake yalikuwa mekundu.

Nikakitoa namba 41, nikapanda nacho ngazi mbili mpaka kwenye mwanga wa dirisha, nikakiinua.

Rangi haikuwepo. Na yeye alikuwepo.

Naandika nilichokiona kama ninavyoandika kwenye kadi za ghala. Mwanamume kijana, mwembamba, anakimbia kuteremka kilima chini ya mkia wa mtambo. Mkono wa kushoto umenyooka juu, vidole vitano vimeshika mti wa mkia. Mkono wa kulia uko kichwani, umeibana kofia. Shati limetoka kwenye suruali. Mguu wa kulia uko hewani nyuma. Wa kushoto uko kwenye majani, na kile kiatu ni kiatu, kamba zake zimefungwa mafundo mawili. Uso umeinuliwa kuelekea mtambo. Mdomo uko wazi, meno yote ya mbele yanaonekana, na kati ya mawili ya juu kuna mwanya. Anacheka. Kwenye kioo uso ni mweupe na meno ni meusi, lakini mimi nasoma vioo kama wengine wanavyosoma gazeti, sikosei. Anacheka kama mtu ambaye kazi imemnogea mpaka amesahau kwamba ni kazi.

Sijui nilimtazama kwa muda gani. Labda pumzi kumi. Nilimwambia, "Shikamoo, Babu." Nilijisikia mjinga, na sijawahi kufurahi hivyo.

Kisha nikasikia sauti ya Mkurugenzi chini, "Mama, boksi hizi!" Alikuwa ndani ya maji, suruali imekunjwa, soksi za mistari bado miguuni, amebeba maboksi matatu kifuani. Kesho, ambaye mlinzi alikuwa amemwita, alikuwa nyuma yake na mengine; sikuwa nimewasikia wakinipita. Nikaona aibu. Vioo zaidi ya mia vilikuwa vinalowa, na mimi nasalimiana. Nikakisimamisha namba 41 kwenye kichanja cha kukaushia kilichokuwa kwenye ngazi ya juu, nikarudi chini.

Ndivyo tunavyokausha vioo, wima, kwenye kichanja. Maelfu ya mara mkono wangu umefanya hivyo. Ila utando ukishalegea kwa maji ya usiku kucha, kioo hulazwa, picha juu, na hakiguswi. Hilo nalo nafundisha mimi. Mkono ulifanya ulichozoea na kichwa hakikuuliza.

Tulitoa vioo vyote. Saa tano nilimfuata mlinzi, nikachukua simu, nikapanda kwenye kichanja kumpiga Babu picha.

Kioo kilikuwa safi kama cha dirisha. Utando ulikuwa umeteleza, umekaa chini ya kichanja umejikunja kama ngozi ya maziwa. Nikajaribu kuunyanyua kwa kidole. Ukakatika vipande vipande.

Jumatano, Aprili 23.

Mvua. Kesho yuko kwenye tundu. Sijampa Baba habari.

Alhamisi, Aprili 24.

Vioo mia tatu na sita vimepona. Sita vimeharibika. Mkurugenzi anaandika ripoti, akaniita nisaini. Ameandika: "Na. 41. Picha imepotea. Kilichokuwa chini ya rangi hakijulikani."

"Kinajulikana," nikasema. "Nilimwona."

"Nakuamini, mama." Hakuniangalia. "Lakini nitaandika nini? Kulikuwa na giza, maji, umechoka, na ni babu yako. Wakiniuliza ushahidi?"

Juzi aliokoa vioo zaidi ya hamsini kwa mikono yake, amepata mafua, na sina la kumlaumu. Hilo ndilo baya, kwamba hakuna ninayeweza kumkasirikia. Nikasaini.

Ijumaa, Aprili 25. Nyumbani.

Baba alikuwa kwenye kiti cha dirishani. Jicho la kushoto sasa linajua mchana na usiku, basi. Nikavuta kigoda.

"Baba, nimemwona."

"Nani?"

"Babu. Rangi ilitoka kwa maji. Nilimwona kabla picha haijaharibika."

Nikamweleza mafuriko, droo, kichanja. Makosa yangu yote sikuyaficha. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mkono gani ulishika mkia?"

"Wa kushoto."

"Na kofia?"

"Wa kulia."

"Na kiatu?"

"Kina kamba. Mafundo mawili."

Akatabasamu. "Umeyakumbuka yote."

"Sikukumbuka, Baba. Nimeona."

"Ndiyo, mwanangu," akasema.

Niliijua sauti ile. Ni yangu. Ndiyo niliyokuwa nikimjibia mbele ya kalenda miaka yote, laini, ya kumpitisha mtu asijikwae.

"Alikuwa anacheka, Baba. Hilo hujawahi kuniambia. Ningelitoa wapi? Mdomo wazi, meno nje."

Akatikisa kichwa polepole. "Hapo umetia chumvi. Nimeishi naye miaka arobaini. Baba yangu hakucheka. Hata mlipozaliwa nyinyi alitikisa kichwa tu, akaondoka. Meno yake sikuwahi kuyaona."

"Ana mwanya. Meno mawili ya juu."

Baba ana mwanya. Nilikuwa sijalifikiria mpaka neno liliponitoka. Akapeleka ulimi pale.

"Umenitazama mimi ukamchora yeye," alisema. "Si vibaya." Akanyoosha mkono hewani kunitafuta, akapata bega langu, akalipigapiga. "Asante. Umejitahidi sana."

Nimelia jikoni nikiwa nimefungulia maji ya bomba ili asisikie.

Jumatano, Aprili 30. Unyevu 84. Kipimo kipya.

Makao makuu wamejibu. Ombi limekubaliwa. Tuwapelekee kioo, na uzito wake uandikwe upya kwa sababu tuliujaza kwenye mstari usio wake.

Jumapili, Mei 4. Nyumbani.

Baba amenitaka nitoe kalenda ukutani. Anasema inashika vumbi. Nimeitoa. Pale ilipokuwa, ukuta ni mweupe kuliko kwingine.

Jumatatu, Mei 12. Unyevu 66.

Mkurugenzi anasema kwenye maonyesho wataweka nakala ya zamani ya 41, kubwa kama ukuta, ile yenye anga nyeupe. Akauliza kama nina la kuongeza kwenye maelezo ya chini. Nikamwambia aandike jiwe.

Alifikiri namtania, halafu akaona simtanii. Mchana nilikuta ameweka karatasi mezani kwangu: "Doa kwenye majani: huenda ni kiatu." Nimeisoma mara nyingi. Ni zawadi kubwa kuliko zote anazoweza kunipa, na "huenda" ile inanichoma.

Jumapili, Mei 18. Nyumbani.

Siku ya sita bila mvua. Nimemtoa Baba uani, nimemkalisha juani. Hajui tena mchana na usiku isipokuwa kwa joto. Nilikuwa naanika nguo, shati jeupe likiwemo, nimelifua kwa sababu lilikuwa limeshika ukungu mlangoni.

"Wewe," akaniita.

"Naam, Baba."

"Hebu nisimulie tena ule uongo wako. Wa Baba kucheka."

Nilikuwa na kibanio mdomoni. Nikakitoa. Nilitaka kusema si uongo, nikamtazama alivyokaa, uso ameuinua kidogo, anasubiri. Nikaja nikachuchumaa karibu na kiti chake. Nikaanza kwenye mteremko. Nikamwambia shati limetoka kwenye suruali, mguu mmoja hewani, mwingine kwenye majani, mafundo mawili. Nikamwambia vidole vitano, nikavitaja kimoja kimoja. Nilipofika kwenye kicheko, mkono wa kushoto wa Baba ukainuka kutoka gotini, ukapanda mpaka usawa wa kichwa, ukabaki pale umekunja vidole, mpaka nilipomaliza.

Akaushusha.

"Uongo mzuri," alisema. "Kesho uniambie tena. Na usimpunguze meno."